Mama aliuliza kama wekundu utabaki

Alikuja atelie, karakana yangu ya useremala hapa Lubumbashi, Kongo, asubuhi, simu mkononi, na kabla sijamvutia kiti akanionyesha picha. Ilikuwa meza ya mistari ya mbao za rangi tofauti: mwekundu, wa zambarau, mweusi, mweupe, tena mwekundu. Verni yake, yaani vanishi, ilisuguliwa hadi dirisha la chumba lilionekana juu ya meza.

"Fundi, meza hapana. Nataka sanduku ya mutoto wangu, anaolewa hii mwaka. Lakini rangi ikuwe hii."

Kidole chake kilisimama kwenye mstari mwekundu.

Nilikuwa na kipande cha mukula, mti wa kwetu wenye kiini chekundu, kwenye kona, kimebaki kutoka kazi ya zamani. Nikakibana mezani, nikakipitisha randa mbele yake. Mnaoujua mukula mnajua kinachofuata. Juu kilikuwa kahawia iliyochoka. Randa ilipopita, wekundu ukafunguka chini yake, mbichi, mkali, maranda yakajaa sakafuni. Mama alinyamaza. Akakichukua kile kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akakinusa. Kisha akauliza:

"Na ile siku mutoto wa huyu mutoto ataolewa, itakuwa tu hivi?"

Nilimwomba aniachie muda nifikiri. Majuma yamepita na swali lake halijaniachia nafasi.

## Kilichomo ndani ya ubao

Jibu fupi kila fundi wa mbao analo: hapana, hautabaki. Lililoninyima usingizi ni swali la pili, ambalo mama hakulitamka. Kama wekundu hautabaki, tunaukata mti huu kwa ajili ya nini?

Mti wenyewe haukutengeneza rangi ili sisi tufurahi. Sehemu ya nje ya shina, ile nyeupe iliyo chini ya ganda, ndiyo inayopitisha maji. Kadiri mti unavyonenepa, sehemu ya ndani inaacha kazi hiyo, chembe zake zinakufa, na mti unazijaza kemikali zinazozuia mchwa na kuvu. Hapo ndipo kiini kinapopata rangi. Katika jamii ya mukula na ndugu yake mulombwa, wekundu unatokana na rangi kama santalini. Ule uzuri tunaougombania ni ulinzi wa mti dhidi ya kuoza.

Ulinzi huo umezoea giza. Ndani ya shina hakuna jua. Tukipasua gogo na kuweka ubao sebuleni, mwanga na hewa vinaanza kuivunja rangi siku hiyohiyo.

Paduku, ndugu wa mukula anayetoka misitu ya mvua ya kaskazini, akipasuliwa leo ni mwekundu wa kuelekea chungwa. Mpe muda dirishani anakuwa kahawia. Mukula naye anashika njia hiyohiyo. Wenge wa Bonde la Kongo anakwenda kinyume: anaanza karibu na weusi, halafu jua linamfifisha. Na ule mstari wa zambarau wa kwenye picha ya mama, nina hakika ni mti wa Amerika ya Kusini wanaouita purpleheart, ambao msumeno ukimaliza kupita una rangi ya kijivu-kahawia isiyovutia hata kidogo. Zambarau inakuja baadaye, ubao ukishapata hewa na mwanga. Kisha nayo inaelekea kahawia.

Kwa hiyo ile picha ilipigwa kwa wakati wake. Mpiga picha alichagua juma zuri katika maisha ya meza.

Hapa atelie nina ubao wa mukula nilioulaza kwenye dirisha linalotazama magharibi, nusu yake nikaifunika kwa karatasi nene. Kiangazi kilipokwisha nikaiondoa karatasi. Mpaka ulikuwa umechorwa wazi kabisa, huku wekundu, huku kahawia. Sasa ubao huo ndio wa kwanza kumwonyesha mteja, kabla ya picha zozote.

## Yale ambayo verni haiwezi

Vijana wananiandikia sana kuhusu hizi kazi za mistari, na wengi wanauliza verni gani itazuia rangi isibadilike. Hakuna. Zipo verni za nje zilizowekwa dawa ya kunyonya miale mikali ya jua, na zinachelewesha. Pazia linachelewesha zaidi, na ni la bei nafuu. Mafuta yanaufanya wekundu uonekane mzito siku ya kwanza, lakini hayaulindi.

Tatizo wanaloligundua wakiwa wamechelewa ni jingine. Santalini haipendi maji baridi, ila kwenye alkoli inayeyuka haraka. Ukigundisha mukula kando ya ubao mweupe, kisha ukapaka verni ya alkoli kwa kitambaa, kitambaa kinachukua wekundu na kuuburuta juu ya weupe. Mpaka safi ulioupigia msumeno kwa uangalifu unakuwa doa la waridi, na doa hilo limeingia ndani ya vinyweleo, halifutiki.

Msasa nao una hila yake. Vumbi jekundu linasukumwa ndani ya ubao mweupe na kukaa humo. Mimi kwenye mpaka wa rangi mbili situmii msasa kabisa. Natumia bamba jembamba la chuma lililonolewa ukingo, linalokwangua utando mwembamba badala ya kusaga unga. Kisha napuliza kwa kompresa, sifuti. Verni ya kwanza naipulizia nyembamba sana, naiacha ikauke kabisa, halafu nyingine nyembamba, hadi wekundu ufungwe chini. Baada ya hapo ndipo kitambaa kinaruhusiwa kugusa kazi.

Na kuna jambo la hapa kwetu ambalo video za ng'ambo haziwezi kukufundisha. Lubumbashi ina kiangazi kirefu na kikavu, halafu Novemba mvua inashika na hewa inajaa unyevu hadi Machi. Mbao zinasinyaa na kuvimba kwa mfuatano huo kila mwaka. Jamii ya mulombwa inasifika kwa kutulia. Eukaliptusi haitulii. Ukiwagundisha upande kwa upande juu ya meza pana mwezi wa Agosti, wa kwanza atakaa na wa pili atasukuma, na ufa utatokea penye gundi. Mistari ya rangi inapendeza kwenye vitu vyembamba: ukingo, mfuniko mdogo, mpini. Juu ya meza pana ni kujitafutia ugomvi na mteja.

Vumbi, la mwisho kwa upande huu, na nalisema bila kulainisha. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), limeweka vumbi la mbao kati ya vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Mbao zenye rangi kali zinawasha zaidi: macho yanavimba, kifua kinabana, kibanzi cha wenge kikiingia kidoleni kidonda hakiponi upesi. Nikiona mwanafunzi wa miaka kumi na sita anasaga paduku bila barakoa, kitambaa tu kimefungwa mdomoni, nakasirika. Aliyemweka pale ana wajibu.

## Wazee walifanya nini na rangi hii

Nilikwama kwenye swali la mama mpaka nilipoacha kufikiria fanicha.

Muda mrefu kabla ya msumeno wa umeme, watu wa eneo hili waliujua wekundu huu na kuuthamini kuliko sisi. Wakuba wa Kasai walisaga kiini cha miti ya jamii hii kupata unga wanaouita tukula, wakauchanganya na mafuta ya mawese, wakajipaka mwilini na kupaka vitambaa. Wandembu, ndugu wa Walunda upande wa Zambia, wana mukula katika mila zao za uzazi na damu, kwa sababu ukikata ganda lake unatoka utomvu mwekundu unaoganda.

Ninachokiona katika matumizi hayo ni hiki: hakuna aliyeuambia wekundu ukae.

Unga ulipakwa, ukafifia, ukapakwa tena. Rangi ilikuwa jambo la siku, la sherehe, la mwili ulio hai, na kipande kimoja cha mti kilitosha kusagwa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Sisi ndio tuliogeuza hesabu. Tunataka ubao wa unene wa sentimita tatu, mwekundu hadi ndani, ilhali jicho linaona uso tu, na uso huo ndio unaogeuka kwanza.

Hapo nikaanza kuelewa kwa nini swali lilikuwa linaniuma. Aliyependa wekundu mbichi peke yake anaomba mti uliokua miongo mingi uangushwe kwa ajili ya rangi ya miezi.

## Malori

Wenzangu mliokuwa hapa miaka ile hamhitaji kusimuliwa. Magogo mekundu yaliyochongwa, sehemu nyeupe imetupwa porini, yakipita kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Yalikuwa yanakwenda bandarini na kutoka hapo China, ambako fanicha za mbao nyekundu zina heshima ya karne nyingi na ambako mukula ulichukua nafasi ya msandali mwekundu wa India uliokuwa adimu. Mwaka 2017 Zambia ilizuia mamia ya malori ya mukula kutoka kwetu. Mwaka 2019, katika mkutano wa Geneva, mukula uliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwaka 2022, Panama, jamii yote ya mukula iliyoko Afrika ikafuata, mulombwa na paduku ndani yake, na mupapa pia, mti mwingine wa mbao ngumu, pamoja na ndugu zake. Maana yake ni kwamba ili ubao uvuke mpaka kihalali lazima uwe na kibali kinachoonyesha kwamba ulikatwa kwa sheria na kwamba kuukata hakuhatarishi mti huo.

Mkataba huo unazungumzia mipaka. Kuhusu sanduku linalotengenezwa Lubumbashi na kukaa Lubumbashi, haunizuii chochote.

Ndiyo sababu nilisita: uamuzi ulibaki wangu. Kwa siku kadhaa nilijiambia kwamba atelie moja ndogo, kando ya malori yale, haihesabiki. Mbao za sanduku moja ni nini? Na msitu wetu wa miombo unaliwa zaidi na makala, yaani makaa ya kupikia, kuliko na maseremala. Kila jioni jiji hili linapikia makala, nyumbani kwangu pia. Nikamwambia fundi mwenzangu wa mtaa wa Katuba hoja hiyo. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema: wewe unasema wingi, mama aliuliza muda.

Alikuwa sahihi. Mti wa mulombwa ukiota, kwa miaka mingi chipukizi lake linakauka kila kiangazi au linaungua na moto, na linarudi tena kutoka mzizini, mpaka mzizi uwe na nguvu ya kusukuma shina litakalopita urefu wa moto. Ndipo linaanza kukua. Na likishakua bado kiini ni kidogo, weupe ni mwingi. Anayekata mti mchanga anapata wekundu wa upana wa kiganja na kutupa kilichobaki. Kitu kilichopita njia hiyo yote, fundi akikiuza kwa sifa ya rangi itakayoondoka kabla ya mtoto wa kwanza kutembea, amekiuza kwa sifa ya chini kabisa kiliyo nayo.

Kwa sababu zipo sifa nyingine. Kinatulia. Mchwa wanakikwepa. Na kinazeeka vizuri: ule ukahawia wa baadaye una joto na kina ambavyo ubao mbichi hauna. Mzee aliyenifundisha kazi ana kiti cha mulombwa chenye umri kunipita. Mikono ya wajukuu imekilainisha. Hakuna mtu anayekiona akauliza wekundu wake ulikwenda wapi.

## Sanduku lenyewe

Mama aliporudi sikumwonyesha picha. Nilimpa ubao wa dirishani wenye nusu mbili. Halafu nikampeleka kwa mzee, akaketi kwenye kile kiti.

Nikamweleza ninavyoona: wekundu anaoutaka upo, utamfurahisha siku ya harusi na miezi baada yake, kisha utakuwa hivi. Sanduku likikaa mbali na dirisha, wekundu utachelewa kugeuka. Ndani ya sanduku, penye giza, utadumu zaidi.

Alipapasa mkono wa kiti kwa muda. "Hii njo nataka," akasema. Kisha akaongeza jambo ambalo lisingenijia mimi: wekundu uwekwe ndani, binti akifungua auone.

Tukafanya hivyo. Nje ni mupapa kutoka mlango wa zamani, wenye matundu ya misumari niliyoyaziba na kuyaacha yaonekane. Chini ya mfuniko, kwa ndani, nimeweka kibao chembamba cha mukula kutoka kile kipande cha kona, nikakifunga kwa verni nyembamba mara kadhaa ili kisipake rangi vitenge. Hakuna mti ulioangushwa kwa ajili ya kazi hiyo. Nilitoza bei ya kawaida, na nusu saa nzima ya maelezo sikuitoza, ingawa sasa naona maelezo hayo ni sehemu ya ufundi kama kiungo cha pembe kilivyo.

Kuna mafundi wataniambia mteja ataondoka ukimwambia ukweli huo. Baadhi wataondoka. Watakwenda kwenye zile duka zinazopaka eukaliptusi au msonobari wa Zambia rangi nyekundu na kuuita mukula, na watalipa karibu bei ileile. Ukitaka kujua umeuziwa nini, usisugue kwa alkoli: rangi ya dukani inatoka, na ya mukula halisi inatoka vilevile. Geuza samani, tafuta pasipoonekana, kwangua kwa ncha ya kisu. Rangi ya kupaka inaishia juu, chini unakuta ubao wa rangi hafifu.

## Milango ya Kamalondo

Mlango ule wa mupapa niliununua Kamalondo, uani, umeegemezwa ukutani pamoja na fremu zake, ukisubiri kupasuliwa uwe kuni. Nyumba za zamani za mtaa huo zinabomolewa moja baada ya nyingine, za mtaa wa Kenya hapa jijini pia, na mahali pake panapanda ghorofa zenye milango ya chuma. Sina ugomvi na chuma. Ninachoomba ni mbao zinazotoka.

Katika milango hiyo, vizingiti, ngazi na mihimili ya paa, nimekuta mulombwa, mupapa, na mara moja mukula mtupu chini ya matabaka ya rangi ya mafuta ya kijani. Zimekauka kwa miongo, haziendi popote tena, hazipindi. Hakuna kibali cha kutafuta wala gogo la kuvusha. Kwa kazi ndogo za rangi, jiji hili lina akiba ya kututosha kwa muda mrefu kama hatutaichoma.

Wenye misumeno jihadharini na misumari ya zamani. Sumaku ya bei ndogo ipitishwe juu ya ubao kabla ya meno kugusa. Na kama rangi ya mafuta ni ya zamani sana, msiisage ikiwa kavu, inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu; lowesheni, mkwangue, mkusanye mabaki yote na kuyaweka mbali na watoto.

Kwa wenye nyumba: ikiwa mnabomoa Kamalondo, Kenya au popote, kwangueni kwanza nyuma ya mlango, upande wa bawaba, upana wa kidole tu. Mkikuta wekundu au kahawia nzito isiyoisha, uzieni fundi yeyote wa karibu, si lazima niwe mimi. Mimi kwa kawaida nalipa zaidi ya bei ya kuni, na nakuja kuubeba mwenyewe.